Mwanangu, kabla hujafungua hiyo chupa

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku nikaona haijibiki kwa maneno mawili, ndo maana leo nimekaa nikuandikie vizuri. Umesema mwalimu kakuita kwa mara ya pili sasa, mtoto hatulii darasani, anaanza kazi haimalizi, anachoambiwa saa hii baada ya dakika mbili kashasahau, na jioni akirudi anakuwa mkali, ukimgusa tu analia. Na rafiki yako kakushauri umnunulie omega 3, yale mafuta yanayopatikana kwenye samaki, pamoja na multivitamini ya kuongeza akili, na sukari umkatie kabisa, kwa sababu wa kwake alibadilika ndani ya wiki mbili. Ukamalizia kwa kuniuliza, mama haya mambo ya chakula na tabia yana ukweli au watu wanafanya biashara tu, na mbona sisi hukutupa vidonge vyovyote na tukasoma?

Nilikupa. Hukumbuki kwa sababu ulikuwa na miaka 6, lakini mimi sijasahau. Ulikuwa unasinzia darasani, daftari linarudi nusu ukurasa, mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu "mvivu", na mimi nikaamini. Nikakufokea, siku moja nikakuchapa kwa ajili ya hilo daftari. Kipindi hicho hicho ulikuwa unakula udongo kwa siri, nikikukuta nao mdomoni nakuona mkaidi tu, sikuunganisha kabisa. Siku nimekupeleka kliniki kwa ajili ya kikohozi, nesi akakuvuta kope la chini akaangalia, akanyamaza, akageuza viganja vyako akaviangalia navyo, akasema huyu apimwe wingi wa damu. Ikaja 8 na pointi, wakati mtoto wa umri ule anatakiwa awe na 11.5 angalau. Yaani nilikuwa namchapa mtoto asiye na damu mwilini. Ulikunywa dawa ya madini ya chuma miezi mitatu, choo kikawa cheusi ukaogopa nikakwambia ni dawa hiyo, na hata kabla miezi haijaisha udongo ukauacha mwenyewe, ukaanza kunisumbua nikuandikie hesabu za kufanya. Sijawahi kukwambia haya yote kwa sababu naona aibu mpaka leo, naomba unisamehe.

Kwahiyo jibu langu ni kwamba ndiyo, chakula kinagusa tabia na akili ya mtoto, na kinagusa sana. Ila kilichokusaidia wewe haikuwa dawa ya akili, ni kwamba kuna kitu kilipungua, kikapimwa, kikajulikana jina lake, kikarudishwa. Ungekuwa na chuma cha kutosha ile dawa isingekuongezea hata alama moja ya hesabu, ingekuumiza tumbo tu.

Watu wengi wanajua chuma ni cha damu basi, kumbe ubongo nao unakitaka, unakitumia kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo ambayo inamsaidia mtoto kuweka akili kwenye jambo moja, na pia ule utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu ili taarifa zipite haraka. Na ubaya wake ni kwamba akiba ya chuma ndo inaisha kwanza, hemoglobini, yaani ule wingi wa damu, inakuja kushuka baadaye, kwahiyo mtoto anaweza kuambiwa damu iko sawa kumbe ghala limeshakauka. Ukienda usiridhike na wingi wa damu peke yake, waulize kama wanaweza kupima na feritini, ndo inayoonyesha akiba ya chuma. Na mpeleke siku ambayo hana homa wala mafua, maana mwili ukiwa unapambana na ugonjwa feritini hupanda, majibu yakaonekana mazuri wakati hali yenyewe sio nzuri.

Nimelishikilia hili la chuma kwa sababu likizo ile aliyokaa kwangu kuna mambo niliyaona nikanyamaza, sikutaka nionekane bibi anayeingilia malezi ya watu. Mjukuu wangu anakunywa maziwa kutwa nzima, nilihesabu siku moja vikombe vitano, alafu chakula kikija anakichezea tu kwa sababu tumbo limeshajaa. Maziwa ni mazuri lakini chuma ndani yake ni kidogo mno, na kalsiamu yake inazuia hata kile chuma kilichopo kwenye chakula kisiingie vizuri. Chai nayo anaipenda, tena pamoja na chakula, na chai inakamata chuma cha kwenye maharage na mboga tumboni kikapita hivyo hivyo bila kumfaa. Usiku sasa, nililala naye, anatupa miguu huku na huku, anajikuna, anageuka, asubuhi anaamka kachoka kama hakulala. Ile miguu isiyotulia usiku mara nyingi inaendana na upungufu wa chuma, na mtoto asiyelala vizuri mchana hatulii, tena mtoto akikosa usingizi halegei kama sisi watu wazima, yeye anachangamka vibaya, anaruka ruka na kulia ovyo. Mtoto wa miaka 7 anahitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi. Mi sio daktari wake, naweza kuwa nimekosea, lakini kama ningekuwa wewe hapo ndo ningeanza kutafuta. Maziwa vikombe viwili vinamtosha, apewe baada ya chakula sio kabla, chai isogezwe mbali na mlo, na kwenye sahani ya maharage au mboga umwekee tunda lenye vitamini C maana linasaidia chuma kuingia. Nyama, samaki na maini chuma chake kinaingia kirahisi zaidi, hata kidogo kinasaidia. Na waambie wampime minyoo, kuna minyoo inayokaa kwenye utumbo kazi yake ni kunyonya damu, utamlisha vizuri mwaka mzima na bado ataishiwa.

Sasa twende kwenye hiyo chupa ya omega 3. Mafuta haya kweli yamo kwenye ubongo na mwili unayahitaji, wala sipingi mtoto kula samaki, mara mbili kwa wiki ni vizuri sana. Tatizo ni ahadi iliyoandikwa kwenye chupa. Watafiti wa Oxford kule Uingereza walichukua watoto 362 wa miaka 7 mpaka 9 ambao kusoma kulikuwa kunawasumbua, wengine wakapewa miligramu 600 za DHA, aina moja ya omega 3, kila siku kwa wiki 16, wengine kidonge kinachofanana ambacho hakina kitu. Mwaka 2012 wakatoa majibu, kwa ujumla hapakuwa na tofauti ya kusoma, ila wale waliokuwa nyuma kabisa walionekana kusogea. Watu wakafurahi, chupa zikauzwa. Wenyewe wakarudia utafiti kwa watoto wengine wa aina hiyo hiyo, na mwaka 2018 wakasema tofauti ile hawakuiona tena. Kwa watoto wenye ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuweka umakini, kuna tafiti zinazoonyesha nafuu kidogo, kidogo kweli kweli, haifikii dawa za hospitali. Kwahiyo kama hali samaki kabisa unaweza kumpa, haina shida, ila usikae unasubiri muujiza huku miezi inakatika.

Kuhusu sukari najua utashangaa maana hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Mwaka 1994 huko Marekani walitoa utafiti ambao familia nzima zilibadilishiwa chakula wiki tatu tatu, mara sukari nyingi, mara vitamu visivyo na sukari, bila wazazi wala watoto kujua ni zamu ya nini, na walikuwemo watoto ambao wazazi wao waliapa kwamba sukari inawapandisha. Tabia haikutofautiana, na majaribio ya akili nayo hayakutofautiana. Lakini kuna mwingine wa mwaka huo huo ambao ndo ulinigusa moyo zaidi. Kina mama waliambiwa watoto wao wa kiume wamepewa sukari nyingi, kumbe hawakupewa hata chembe. Wale kina mama wakasema watoto wamechangamka kupita kiasi, na walipowaangalia wakiwa na watoto wao, walikuwa wanawasogelea zaidi, wanawakosoa zaidi, macho hayabanduki kwao. Fikiria hapo mwanangu. Macho ya mama yalibadilika, mtoto alikuwa yule yule. Sisemi rafiki yako ni muongo, hapana, anampenda mtoto wake na aliona alichokiona, lakini wiki mbili ambazo mama ana matumaini mapya na anamwangalia mtoto kwa upole, hizo peke yake zinaweza kubadilisha nyumba. Sukari bado ipunguze, kwa ajili ya meno, na kwa sababu mtoto akishiba soda na biskuti ile sahani yenye chuma na protini haiguswi.

Kitu ambacho rafiki yako hakukitaja na mimi nakipa uzito kidogo ni rangi. Zile pipi na juisi zenye rangi kali za kutengenezwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Southampton walijaribu kwa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 na 9, wakawapa kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi pamoja na kihifadhi cha sodiamu benzoeti, na kwa wastani watoto walizidi kutotulia, sio kwa kiwango kikubwa na sio wote, lakini ilionekana. Tangu 2010 nchi za Umoja wa Ulaya vyakula vyenye rangi 6 zile, tartrazini ikiwemo, lazima viandikwe onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Kuziondoa hakukugharimu kitu na mwili wake hauzihitaji. Ziondoe wiki tatu nne, na mwalimu usimwambie, mwombe tu aendelee kukuandikia kila Ijumaa wiki ilikuwaje, ili upate macho ambayo hayana matumaini ndani yake.

Alafu ule ukali wa jioni. Umeshawahi kumuuliza amekula nini tangu asubuhi, na sio umemfungia nini, amekula nini? Ubongo wa mtoto wa miaka 5 hivi unatumia karibu nusu ya nguvu zote za mwili wake, na wa miaka 7 bado yuko karibu na hapo. Akiondoka na chai tupu, mchana akagawa chakula au akakirudisha, saa kumi unakutana na mtoto mwenye njaa anayeulizwa maswali ya homework. Mpe kula kwanza, kitu chenye protini, yai au maharage, ndo muongee baadaye.

Multivitamini kwa mtoto anayechagua chakula sana inaweza kuziba mapengo, sikatai, ila moja tu, usichanganye chupa mbili. Vitamini A na D hazitoki kirahisi kwenye mkojo, zinajilimbikiza mwilini mpaka zinadhuru. Na zile zilizotengenezwa kama pipi mtoto anajua ni pipi, atapanda kiti azifuate. Vidonge vya chuma ndo usiseme, mtoto mdogo akimeza vingi vinaua, kabisa, na wewe unavyo ndani kwa ajili ya huo ujauzito. Vifungie leo, usiache kwenye mkoba.

Na kwa kuwa nimeutaja, vyako vimeze usiviruke, na chumvi ya nyumbani iwe ile yenye madini joto, maana mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba, na ubongo wa huyo anayekuja unaanza kujengwa sasa hivi. Guatemala kati ya 1969 na 1977 kuna vijiji watoto walipewa uji wenye protini na vingine kinywaji kitamu kisicho na protini, wakafuatiliwa mpaka utu uzima, na wanaume waliopata ule uji tangu kuzaliwa mpaka miaka 2 walikuja kulipwa kwa saa asilimia 46 zaidi ya wenzao. Miaka ile ya kwanza hairudi, ndo maana nakusumbua.

Ila naomba usije ukajilaumu kwa jikoni kwako. Inawezekana damu ikaja nzuri, feritini nzuri, minyoo hamna, basi apimwe macho na masikio, na kama bado, aangaliwe na mtaalamu wa watoto kuhusu ADHD, ambayo ni hali ya kweli, haisababishwi na mapishi ya mama, na usikubali mtu akwambie ujaribu vyakula mwaka mzima kwanza. Na inawezekana kuna kitu shuleni. Likizo ile aliniambia kuna mtoto anakaa naye dawati moja ambaye hampendi, nikamuuliza jina akasema "nitakwambia siku nyingine bibi".

Chupa kama umeshainunua iweke juu kabisa, usiifungue mpaka majibu yarudi. Ukiyapata nipigie unisomee namba zenyewe, usiniambie "wamesema iko sawa", nataka namba. Na ukimaliza umpe simu mjukuu wangu, mwambie bibi bado anasubiri lile jina.

Mama yako