Betri ya karavani haijai safarini Lubumbashi–Kolwezi? Usikimbilie alteneta

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Unavuta karavani kwa Land Cruiser kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, kilomita kama 300, saa tano au sita barabarani. Unafika jioni ukiamini betri ya nyuma imejaa, na kabla ya usiku wa manane friji imezima na taa zimekuwa nyekundu kama makaa. Fundi wako anasema alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, ni ndogo, ununue kubwa. Hiyo pesa ikalie kwanza. Mimi sikuikalia.

Sisi kazi yetu ni kuchimba visima vya maji. Tuko watu wanne, na karavani yetu ni ya zamani, ilitoka Afrika Kusini ikaingilia mpaka wa Kasumbalesa. Tunalala humo wiki nzima, mara upande wa Kasenga, mara nyuma ya Likasi, popote mteja alipo. Ndani kuna betri moja ya ampea-saa 100 (yaani inaweza kutoa ampea 10 kwa kama saa kumi), friji, taa nne na simu za watu wazima wanne, ambazo zinakula kuliko unavyodhani. Mwaka wa kwanza niliua betri mbili. Hazikupasuka wala hazikuvuja. Zilikuwa zinashinda nusu tupu wiki baada ya wiki, na betri ya madini ya risasi, ile ya kawaida, ukiiacha hivyo mabamba yake yanaota salfati mpaka hata ukiichaji vizuri haishiki tena.

Fundi mmoja wa hapa mjini akaniambia maneno yaleyale uliyoambiwa wewe. Nikatoa alteneta ya ampea 80, nikaweka ya 130. Safari iliyofuata friji ilizima saa ileile.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yangu huku Katuba, fundi umeme mstaafu wa migodini. Hakushika hata spana. Aliniambia niwashe injini, karavani ikiwa imechomekwa na friji inafanya kazi, akapima kwa mita yake ndogo. Kwenye betri ya gari: volti 14.1. Akazunguka nyuma, akapima kwenye vichwa vya betri ya karavani: 12.9. Akacheka. «Umeme wako unalipa peaji, ushuru wa barabara, kila mita,» akasema, «unafika kwa mgonjwa hauna kitu mfukoni.»

Shida yote iko hapo, na wengi hawaioni kwa sababu wanapima mbele tu. Betri ya volti 12 haijazwi na ukubwa wa alteneta. Inajazwa na tofauti kati ya volti zinazoifikia na volti zake yenyewe. Ili ijae sawasawa inataka kama 14.4 kwenye vichwa vyake yenyewe. Ikipata 13 na kidogo, itapokea chaji kwa uvivu, halafu itaacha kupokea ikiwa bado na njaa. Alteneta ya ampea 130 nyuma ya waya mwembamba ni tangi kubwa la maji kwenye mrija wa soda.

Hesabu yenyewe si ya chuo. Shaba ina ukinzani, yaani inauzuia umeme, wa karibu omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba. Kutoka betri ya mbele hadi betri ya karavani yangu ni mita 8, lakini umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu 16. Waya niliokuta umefungwa ulikuwa wa milimita 2.5 za mraba: 0.0175 mara 16, gawanya kwa 2.5, unapata omu 0.112. Ukipitisha ampea 10 humo umepoteza volti 1.1. Waya wa milimita 16 za mraba, urefu uleule, unapoteza chini ya volti 0.2 kwa ampea hizohizo 10, na hata kwa 20 haifiki 0.4. Na hapo sijahesabu plagi zenye vumbi na kutu, wala masi, yaani upande wa hasi unaorudi kupitia chuma cha gari, iliyofungwa kwenye chasi yenye rangi. Masi yangu peke yake ilikuwa inakula karibu robo ya volti. Usitegemee chuma cha kipira cha kuvutia kurudisha umeme. Pitisha waya wa hasi mnene sawa na ule wa chanya, moja kwa moja.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja: friji yako ni ya aina gani? Ukisikia kitu kinaguruma na kunyamaza, ni ya kompresa. Hiyo inakula ampea 4 au 5 ikiwa inaguruma, na kwa siku nzima labda ampea-saa 40 au 50, zaidi mwezi wa kumi joto linapokuwa kali. Kama iko kimya kabisa na inakubali gesi, umeme wa nyumbani na volti 12, hiyo ni ya kipasha joto, na kwenye volti 12 inakula ampea 10 au zaidi bila kupumzika. Karavani nyingi za zamani zina hiyo. Ukiiacha kwenye betri usiku, betri ya 100 haitaona alfajiri hata kama ulifika nayo imejaa pomoni. Hiyo iwe kwenye volti 12 gari likitembea tu. Ukisimama, weka gesi. Na usiendeshe gari huku gesi inawaka, tafadhali.

Sasa rudi kwenye waya wangu wa zamani. Mwanzoni ulikuwa unapitisha ampea 7 hivi, baadaye 5. Friji inachukua zake 4. Kwa saa sita nzima za barabara betri ilikuwa inabakiwa na makombo. Nilidhani ninaichaji, kumbe nilikuwa ninailisha friji tu.

Nilichofanya ni hiki. Nilinunua kebo ya kuchomelea vyuma, ya milimita 16 za mraba, kwa mita. Ni laini, inakubali kona, haivunjiki kwa mitikisiko ya njia ya Kasenga. Lakini kwaruza kwa kisu kabla ya kulipa! Hapa tuko kwenye mji wa shaba, mlima wa taka za kiwanda unauona kutoka kila kata, na bado utauziwa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukikwaruza ukaona weupe ndani, mrudishie mwenyewe. Alumini hiyo ina ukinzani zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, na inaoza kwenye maungio.

Plagi ya taa usiiguse. Ile ya miguu 7 ni ya indiketa, breki na taa za nyuma. Miguu yake si ya kubeba ampea 20. Kama karavani yako imetoka Ulaya na ina plagi ya miguu 13, mguu wa 9 una umeme wa kudumu na wa 10 una umeme wa kuwashwa, na mara nyingi nyaya zake ni 2.5 tu, kwa hiyo unarudi palepale. Mimi niliweka plagi ya Anderson ya ampea 50, ile ya kijivu yenye vichwa viwili, pembeni kabisa mwa ile ya taa. Ina kifuniko cha mpira. Kifuniko kikipotea, kata mrija wa tairi la baiskeli uufunge, maana vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye soksi.

Kisha fyuzi mbili. Watu wanaweka moja mbele na kuridhika. Waya huu una betri kila upande, kwa hiyo ukikwaruzika katikati na kugusa chasi, betri zote mbili zitamwaga moto humo. Najua kwa sababu ulikwaruzika, kabla ya kufika Likasi, nikaona moshi kwenye kioo cha pembeni. Fyuzi ya mbele ilikatika, ya nyuma haikuwepo. Tulichomoa kichwa cha betri kwa koleo na fulana ya msaidizi wangu. Weka fyuzi ya ampea 40 karibu na kila betri, umbali usizidi shibiri moja, na pitisha kebo ndani ya mrija wa plastiki popote inapogusa chuma.

Na rele, swichi inayojiwasha kwa umeme na kuziunga au kuzitenganisha betri mbili. Bila rele betri mbili ni chungu kimoja: usiku friji inakunywa kutoka zote, asubuhi gari haliwaki. Ilitupata porini upande wa Kasenga, tukasukuma Land Cruiser kwenye mchanga watu wanne na wavuvi wawili waliotuonea huruma. Rele ya kawaida unaiwasha kwa waya unaopata umeme injini ikiwaka. Iko nyingine inayojisikilizia volti yenyewe, inaunga zikipita kama 13.3 na kutenganisha zikishuka hadi 12.8 hivi. Mimi ninayo hiyo ya pili, na sijawahi kusukuma gari tena.

Baada ya hayo yote, mzee alirudi na mita yake: mbele 14.1, nyuma 13.8, na ampea 18 zikiingia mwanzoni. Alteneta ya 80 ingetosha kabisa. Ile ya 130 bado iko kwenye gari, inanikumbusha.

Usitarajie kufika Kolwezi na asilimia 100, hata hivyo. Betri ya risasi inapokea haraka mpaka kama asilimia 80, kisha inakuwa kama mtoto aliyeshiba, inachukua kijiko kimojakimoja kwa saa nyingi. Hiyo sehemu ya mwisho nimeiachia jua. Paneli ya wati 150 juu ya paa, na kidhibiti chake, inamalizia kazi mchana tukiwa tunachimba. Wakati wa kiangazi haikosei. Masika ni bahati nasibu. Na foleni ya malori Kasumbalesa usiihesabu kama safari: injini ikinguruma polepole alteneta inatoa kidogo sana, na feni na taa za gari zinachukua hicho kidogo.

Mambo mawili yatakayobadilisha jibu langu. La kwanza, kama gari lako ni jipya, lenye alteneta inayoongozwa na kompyuta: hizo zinashusha volti zenyewe betri ya mbele ikishajaa, na hakuna waya mnene utakaokusaidia. Hapo nunua chaja ya kati, inayochukua umeme wa gari na kuupandisha hadi 14.4, ukaifunge karibu na betri ya karavani. Ni hivyohivyo ukiweka betri ya lithiamu, kwa sababu lithiamu ina koo pana na inaweza kuinyonya alteneta mpaka iungue. La pili, kama siku moja utavuta kwa lori dogo, angalia kwanza: mengi ni ya volti 24. Ukiunga moja kwa moja utachemsha betri.

Kwa hiyo kabla ya lolote fanya alivyofanya yule mzee. Azima mita, washa injini, iwe kwenye mizunguko kama 1500 kwa dakika, pima mbele, pima nyuma, kwenye vichwa vya betri vyenyewe wala si kwenye plagi. Tofauti ikizidi nusu volti, ni waya au masi. Kama mbele kwenyewe hakufiki 13.8, basi fundi wako anaweza kuwa na haki, mwombe aangalie mkanda na brashi kabla ya kuuza alteneta. Niandikie namba zote mbili hapahapa pamoja na aina ya friji, nitakuambia unene wa waya.

Picha za rele yangu nitaziweka kesho. Leo umeme wa mtaa umekatika tangu asubuhi, naandika nikiwa nimekaa ndani ya karavani uani, simu imechomekwa kwenye betri ileile, na watoto wa jirani wamepanga foleni mlangoni na simu za mama zao. Mita inasoma 12.5.