Vitabu vya bei ya karanga

Mwaka juzi nilinunua karanga kwa mama mmoja soko la Majengo, hapa Dodoma. Nilipomaliza kutafuna nikakunjua karatasi: mashairi! Beti nne zenye vina safi, ya tano imechanwa katikati. Nilirudi mbio. Chini ya meza yake kulikuwa na kiroba cha vitabu, nusu kimeshatumika.

"Chukua mwanangu, ila nami nifungie nini?"

Nikampelekea rundo la magazeti, nikaondoka na vitabu kumi na kimoja vizima. Ile diwani ilikuwa imebaki jalada na kurasa chache tu. Mpaka leo inaniuma.

Tangu siku hiyo navifuata vitabu kabla havijauzwa kwa kilo kama karatasi za kufungia. Dodoma ni mji wa uhamisho, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi baada ya 2016. Mtumishi akipakia mizigo, friji na kitanda hupanda kwanza. Boksi la vitabu ndilo linalobaki barazani. Ukisikia jirani amepata barua, piga hodi mapema na umwambie wazi kwamba vitabu vyake vitapata wa kuvisoma. Mimi nimepewa vingi bure kwa neno hilo tu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaomaliza nao huuza, lakini wawahi kabla hawajafungasha, maana siku ya safari hakuna mwenye muda wa kukufungulia begi.

Kwa wanaotandaza turubai, nimejifunza kwamba bei hufuata unene na mng'aro wa jalada. Riwaya nene ya Kiingereza nimetajiwa 5,000, wakati kijitabu cha hadithi za Kiswahili cha miaka ya sabini, ambacho hutakiona tena dukani, nilikipata kwa 500. Basi anza na vile vyembamba vilivyofunikwa na vingine.

Usilipe kabla ya kukagua katikati. Vitabu vingi hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na uzi au gundi ikilegea fungu zima huchomoka bila kuacha alama. Niliwahi kusoma riwaya kwa hamu hadi ukurasa wa 96, nikageuza, nikakuta 113. Siku hizi napitisha kidole gumba kwenye namba kuanzia mwanzo hadi mwisho, muuzaji anune asinune. Jalada lililong'oka halinitishi: fundi viatu hulishona kwa uzi wake wa nta, na likakaa kuliko lilivyotoka kiwandani.

Vya kiada viangalie mwaka wa toleo, kwa kuwa mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, darasa kwa darasa. Hadithi na kamusi hazina shida hiyo.

Ukifika nyumbani usivipange hapo hapo. Kung'uta vumbi, chunguza mgongo wa kitabu, kisha vifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uviweke kwenye friza siku kadhaa kuua wadudu. Ukivitoa, usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe, la sivyo vitalowa. Na rafu isiguse ukuta. Mchwa wa huku hupanda na udongo wao kwa nyuma, wakala kitabu kutoka ndani huku mgongo ukikutazama kama mzima. Zangu nimezisogeza kiganja kizima, na kila Jumamosi namulika tochi huko nyuma.