Mama anataka taarabu, kaka hataki

SWALI: Shikamoo Sista. Mama yangu ana miaka 68 na anaumwa kansa ya shingo ya kizazi. Alipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, na mwezi uliopita daktari akatuambia tumrudishe nyumbani, tumpe mofini ya maji na tumtunze. Usiku hutaabika, hushikashika shuka. Juzi aliniomba nimwekee kwenye simu taarabu za ujana wake, akatulia mpaka akapitiwa na usingizi. Kaka yangu mkubwa akaingia, akaizima. Anasema mgonjwa wa namna hii husomewa Yasini, muziki utafanya majirani waseme tunashangilia. Je, nimekosea? Na siku akiwa hasemi tena, niendelee au niache?
Binti wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Hukukosea. Mama aliomba mwenyewe, nawe ukamsikiliza. Hebu fikiria: siku hizi anageuzwa na wengine, anaogeshwa saa wanayotaka wengine, uji anaupokea kama ulivyopikwa. Wimbo ni kitu alichokichagua yeye.

Kaka yako naye nisingemlaumu. Anaogopa maneno ya watu, na nadhani zaidi anaogopa siku yenyewe. Ya halali na haramu nawaachia wenye elimu yake. Ninaloweza kusema ni lile nililoliona katika miaka yangu ya kuzunguka majumbani kuwatunza wagonjwa: nyumba nyingi za huko kwetu pwani mgonjwa husikiliza nyimbo zake alasiri, na baada ya Isha jamaa hukaa wakamsomea Qurani. Kaeni wote wawili kitandani kwake, na kaka ndiye aulize: “Mama, ungependa kusikia nini, na saa ngapi?” Atakalosema, lifuateni.

Kuuliza nimejifunza kwa uchungu. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii, nilimwekea mzee mmoja kule Muheza wimbo wa kwaya, wa taratibu, mzuri, nikiamini utamfariji. Akageukia ukutani. Mkewe akanivuta mpaka uani, akaninong’oneza kwamba ndio wimbo waliouimba walipomzika kijana wao. Nilirudi ndani, nikapiga magoti kando ya mkeka, nikamwomba radhi. Hakunijibu, ila alinipa mkono.

Sasa, namna ya kufanya. Kwanza tazama kifua chake. Akiwa anahema mbiombio, usianze na wimbo wa kubembeleza, hautamshika. Anza na unaokaribia mwendo wa pumzi zake, kisha ufuatie wa polepole, kisha wa polepole zaidi. Wataalamu wa tiba ya muziki hufanya hivyo hivyo, na mara nyingi utaona pumzi zinafuata. Sauti isizidi ya mtu anayezungumza naye. Zima mlio wa simu isije ikalia katikati. Dakika 15 au 20 zinatosha. Macho yako yawe kwenye paji la uso na vidole: akikunja uso au akikaza ngumi, nyamazisha, hata kama ni wimbo alioutaka jana. Na machozi? Mwache alie, mshike mkono. Mama wa Tanga aliyekua enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya huko, ana mengi ya kukumbuka.

Haya si mambo ya kubuni juzi. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher’s, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Mwaka 1978 daktari Balfour Mount na Susan Munro, wa hospitali ya Royal Victoria mjini Montreal, waliandika jinsi walivyoutumia muziki kwa wagonjwa wa tiba shufaa, yaani ile ya kupunguza mateso ya ugonjwa usioponyeka.

Lakini nakusihi, muziki usichukue nafasi ya dawa. Kule kushikashika shuka usiku mwambie muuguzi wenu kesho, usingoje. Huenda dozi ya usiku haitoshi, huenda kibofu kimejaa, au choo kimekuwa kigumu, maana mofini hufunga choo. Hayo yana tiba yake.

Akinyamaza, endelea. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitiki tena, wakakuta baadhi yao ubongo bado unapokea milio. Siku hizo weka simu kando, umwimbie wewe. Huhitaji sauti nzuri. Guna tu ule aliokuwa akikubembelezea ulipokuwa mdogo, karibu na sikio, mkono wako juu ya mkono wake. Kaka naye asome Yasini yake kwa sauti ile ile ya chini.

Kuna moja lisingoje. Sauti yake ingalipo, mwombe akuimbie ubeti mmoja, umrekodi. Fanya asubuhi, kama nusu saa baada ya mofini, maumivu yakiwa yameshuka. Muwekee mito miwili mgongoni, mpe maji kidogo alainishe koo, na simu aishike kaka yako.