Usikubali Suruali Ikurudishe kwa Sigara

Mara ya kwanza nilipoacha sigara, kilichonirudisha hakikuwa hamu ya moshi. Ilikuwa suruali. Wiki ya sita nilipanda mizani ya jamaa mmoja wa kupima uzito kwa shilingi 10 karibu na bustani ya Jeevanjee, Nairobi, nikakuta kilo nne za ziada. Jioni hiyo hiyo nikanunua fegi moja kioskini, nikijidanganya kuwa ni ya kupunguza tumbo.

Si ulafi, jamani. Nikotini huzima njaa na huufanya mwili uchome chakula haraka zaidi. Ukiiacha, mwili hupunguza kasi huku njaa ikirudi na ulimi ukifufuka. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa ladha ya kachumbari. Wengi huongeza kama kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza, hasa katika miezi 3 ya mwanzo. Wapo pia wanaopungua, ingawa mimi sikubahatika.

Mara ya pili nilijichunguza. Sahani yangu ya mchana ilikuwa ile ile. Balaa lilikuwa saa nne asubuhi: zamani nilitoka nje na wavutaji wenzangu, sasa nilibaki ndani na chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, mandazi mawili. Saa kumi, hivyo hivyo. Mkono umezoea kupeleka kitu mdomoni, na mji huu haukosi cha kupeleka: smoki (soseji za mtaani) kila kona, mutura (utumbo uliojazwa nyama) kila jioni.

Kwa hiyo sikujinyima chakula. Kupigana na njaa na sigara siku moja ni kualika vita viwili, na nakushauri usijaribu. Nilibadilisha tu cha kushika: karoti, au miwa ya mkokoteni (ndiyo, ina sukari, lakini kipande kimoja utakitafuna hadi taya zichoke). Chai ikabaki na kijiko kimoja. Jioni nikawa nashuka steji mbili kabla ya nyumbani, natembea. Muulize pia mfamasia kuhusu chingamu ya nikotini. Hutuliza hamu na huchelewesha kunenepa.

Suruali nikampelekea fundi.

“Mzee, umenona! Mambo safi, eh?”

Nikamwambia aachie inchi mbili kiunoni. Mwaka umepita, nimetumia moja.