Mbona kwangu inafanya kazi?

Ukianza kazi ya kutengeneza tovuti, swali hilo utalisema mara nyingi kuliko salamu. Mteja anapiga simu, kitufe hakibonyezeki, wewe unafungua kompyuta yako, unabonyeza, kinakubali. "Mbona kwangu inafanya kazi?" Nimelisema miaka mingi na sikuwa nadanganya. Kwangu ilikuwa inafanya kazi kweli. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kuna mtu alikuwa ananisaidia kimyakimya, na mtu huyo ni kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, kama Chrome au Firefox.

Kabla hujaendelea kusoma, kama una Firefox kwenye kompyuta, nenda kwenye sehemu ya anwani uandike about:compat. Utakuta orodha ya tovuti, na mbele ya kila moja kitufe cha kuzimia. Hizo ni tovuti ambazo Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wameziandikia kiraka, yaani kipande cha msimbo cha kuziba kosa, na kukiweka ndani ya kivinjari chenyewe. Ukifungua mojawapo, Firefox inaingiza mistari michache ya CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa) au JavaScript (lugha ya kuutendesha kazi) ambayo mwenye tovuti hakuiandika, au inajitambulisha kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kwa jina lisilo lake. Kila kiraka kina kiungo cha kukupeleka kwenye maelezo ya tatizo lilivyoripotiwa. Safari, kivinjari cha Apple, nayo ina mambo hayo hayo: ndani ya WebKit, injini inayoiendesha, kuna faili linaloitwa Quirks.cpp, limejaa majina ya tovuti maarufu na ulemavu wa kila moja. Lisome siku ukiwa na nafasi, ni burudani.

Siku niliyoiona orodha ile mara ya kwanza nilijisikia kama seremala anayegundua kuwa miaka yote wateja wamekuwa wakikunja kadibodi na kuiweka chini ya mguu wa meza alizowauzia. Meza haiyumbi, hakuna anayelalamika, na yeye anaendelea kukata miguu mifupi.

Chanzo kikubwa cha viraka hivi ni tabia moja ambayo nakuomba uikimbie mapema, nayo ni kukiuliza kivinjari "wewe nani?" badala ya "unaweza nini?" Kila kivinjari hutuma kwa seva mstari wa kujitambulisha, na mstari huo umejaa uongo wa kihistoria. Chrome ya leo bado inaanza kwa kusema ni Mozilla, halafu inataja AppleWebKit, inasema inafanana na Gecko, ambayo ni injini ya Firefox, na mwishoni inaweka Safari. Kila neno pale liliingizwa ili tovuti fulani ya zamani isiifungie mlango.

Mimi mwenyewe niliungua hapo. Tulikuwa na tovuti ya kukatia tiketi za mabasi, na ndani yake kulikuwa na mstari niliounakili mahali bila kuufikiria:

/Chrome\/(\d\d)/

Maana yake: chukua tarakimu mbili baada ya neno Chrome. Zikiwa chini ya 60, mwoneshe abiria ujumbe kuwa kivinjari chake kimepitwa na wakati. Mwisho wa Machi 2022 likatoka toleo la 100. Tarakimu mbili za kwanza za 100 ni 10. Simu hazisasishwi zote siku moja, kwa hiyo malalamiko yalikuja kwa matone, matatu leo, saba kesho, na kila nikijaribu kwangu napita, kwa kuwa simu yangu ilikuwa bado kwenye 99. Kilichonifedhehesha ni kwamba wenye simu zilizochoka, ambazo hazijasasishwa tangu zinunuliwe, walikata tiketi bila shida. Waliofungiwa ni wale waliotii ushauri wangu wa kusasisha.

Na si kwamba hatukuonywa. Opera, kivinjari kingine, waligonga ukuta huo huo mwaka 2009 walipofika toleo la 10: tovuti zilisoma tarakimu moja, zikaona 1. Wakalazimika kuendelea kujiita 9.80 mbele na kuificha namba ya kweli mwishoni mwa mstari. Mwaka 2022 Chrome na Firefox walijipanga mapema, wakawa na mpango wa akiba wa kubaki kujiita 99 kama mambo yangeharibika sana. Hayakuharibika kiasi hicho. Mwaka uliofuata Firefox ilifika 110, na tovuti zilizokuwa zinatafuta "rv:11" ili kuitambua Internet Explorer 11, kivinjari cha zamani cha Microsoft, zikaidhani Firefox ndiyo hiyo, hivyo sehemu hiyo ya mstari ikagandishwa kwenye 109 hadi toleo la 119.

Uone jambo moja hapa: viraka hupewa tovuti zenye watu wengi. Benki kubwa ya Ulaya au duka kubwa la Marekani likivunjika, malalamiko yanamiminika na mtu analiandikia kiraka. Tovuti yako ya tiketi za kwenda Sumbawanga haitaingia kwenye orodha hiyo hata siku moja. Ukiiga mbinu ya tovuti kubwa kwa kuwa "pale inafanya kazi", huenda unaiga meza pasipo kadibodi yake.

Kuna kiraka kimoja, hata hivyo, kinachotufikia hata sisi wadogo, nacho kilinila siku mbili. Ukibonyeza "Lipa" kwenye ukurasa wetu, msimbo ulikuwa unatuma kwanza taarifa kwa Google Analytics, huduma ya kuhesabu wanaotembelea tovuti, unasubiri jibu, ndipo unampeleka mteja kwenye malipo. Mimi hupimia kwenye dirisha la faragha la Firefox ili nisiburuze kuki za zamani, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari. Dirisha hilo linazuia Google Analytics, lakini tangu toleo la 87, mwaka 2021, Firefox ina SmartBlock: mahali pa msimbo uliozuiwa inaweka kikaragosi chake kisichotuma habari zako popote, ila kinajibu "nimepokea". Kwangu malipo yakapita. Mteja wetu mmoja alikuwa kwenye ofisi ambayo fundi wake amezuia matangazo kwa mtandao mzima. Kwake hakukuwa na wa kujibu. Anabonyeza Lipa, kimya, anabonyeza tena, kimya.

Niliugundua ukweli nilipoenda about:compat, nikashuka hadi sehemu ya SmartBlock, nikakizima kile cha Google Analytics. Kitufe kikafa palepale mbele ya macho yangu. Dawa ilikuwa kufuta mistari minne: mteja aende kwenye malipo kwanza, takwimu zitajijua.

Sasa, je, kivinjari kina haki ya kufanya haya bila kuniuliza? Vijana wanaoanza hunijibu haraka kwamba hapana. Mimi nakubali viraka, kwa sharti kwamba naviona na naweza kuvizima. Mtumiaji wa kawaida hataki kesi, anataka kulipa ada ya mtoto. Lakini njia inayopitisha kiraka kimyakimya inaweza kupitisha na kingine. Desemba 2017 baadhi ya watumiaji wa Firefox walikuta programu ya nyongeza ngeni kwenye orodha yao, ikaonekana ni ya kuitangaza tamthilia ya Mr. Robot. Haikuiba kitu. Watu waliwaka hata hivyo, na walikuwa na haki, kwa sababu mlango walioukubali kwa ajili ya majaribio ya kuboresha kivinjari ulitumika kwa tangazo.

Hasara nyingine haizungumzwi sana. Kivinjari cha Vivaldi tangu mwishoni mwa 2019 inajitambulisha kama Chrome karibu kila mahali, ili isifungiwe. Mtumiaji anapona, ila mwenye tovuti akifungua takwimu zake anaona Chrome tu, anasema Vivaldi haina watu, na hana sababu ya kuipima.

Kwa hiyo mteja akikupigia, usimwambie kwako inafanya kazi. Muulize kivinjari na namba ya toleo, simu au kompyuta, yuko mtandao wa nani, ana kizuia matangazo au hana, na aliona maneno gani, akutumie picha ya skrini. Kisha pima kwenye vivinjari viwili vyenye injini tofauti, viraka vikiwa vimezimwa. Na ukikuta kosa ni la tovuti ya mtu mwingine, kwenye menyu ya Firefox kuna sehemu ya kuripoti tovuti iliyovunjika. Inachukua dakika moja, nami huwa namwandikia na mwenye tovuti mwenyewe, ingawa wengi hawajibu.