Nililipia msanii mkuu, nikapata kidole cha mguu

Wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: "Je, tamasha la muziki la wikendi nzima linafaa pesa tunazolipa?" Jibu langu ni ndiyo, kwa mtu anayeingia saa nane mchana. Anayeingia saa mbili usiku afadhali abaki na pesa zake anunue unga.

Sisemi haya kwa kuhadithiwa. Julai mwaka jana nililipa shilingi 4,500 kwa bangili ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, katika uwanja mmoja huko Lang'ata. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na pesa kama hizo kwangu si za kuokota. Aliyenishawishi ni binti ya dada yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. "Anti, ni bendi kumi na mbili, gawanya uone." Nikagawanya, nikapata shilingi 375 kwa kila bendi, nikaona nimepata bei.

Jumamosi tulienda kama wanavyoenda watu wote. Tulitoka Buruburu saa kumi na moja jioni, tukakwama njiani, tukafika langoni saa mbili kasoro. Foleni, kupekuliwa, chupa yangu ya maji ikachukuliwa pamoja na njugu nilizokuwa nimekaanga mwenyewe. Ndani, chupa kama ile ile ni shilingi 150. Tena hulipi taslimu: sharti kwanza utume pesa kwa simu ziingie kwenye bangili, na maelfu ya watu wanatuma kwa wakati mmoja, kwa hivyo simu inazunguka tu. Pesa zangu zilipoingia, bendi mbili zilikuwa zimeshashuka jukwaani. Zigawanye tena hizo.

Tulisimama nyuma kabisa, karibu na vyoo. Jukwaa lilikuwa kama mita mia moja mbele yetu, na hapo nikajionea jambo ninalowafundisha watoto kila mwaka bila kuliona kwa macho. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mpiga ngoma alikuwa anashusha fimbo, halafu mlio unatufikia baadaye, kama theluthi ya sekunde hivi. Ukimtazama unakosea kucheza. Isitoshe, miili ya watu humeza sauti nyembamba na kuiacha besi ipite, kwa hivyo maneno ya mwimbaji yaliishia kwa walio mbele, sisi tukabaki na kishindo cha kifuani. Kwa saa nne nilisikiliza kifua changu mwenyewe.

Msanii mkuu alipangiwa saa tatu. Alipanda saa sita kasoro. Nadhani Wanairobi tumezoea kungojea usiku wa manane. Hata bendera yetu ilipandishwa saa sita usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, kwenye barabara hiyo hiyo ya Lang'ata, pale Uhuru Gardens. Lakini bendera walau ilikuwa na sababu. Baridi ya Julai ilinipenya hadi kwenye meno. Teksi ya kurudi ilitaka shilingi 2,700, na asubuhi masikio yalikuwa yakilia kama nyaya za stima. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti kwenye kumbi za burudani usizidi desibeli 100. Sikuwa na kipimo, ila mchungaji alipohubiri Jumapili nilimsikia kama anaongea ndani ya mtungi.

Jumapili sikutaka kurudi. Kilichonirudisha ni uchungu wa pesa. Baada ya ibada tulikula upesi, tukapanda matatu, na saa nane kasoro tulikuwa langoni. Hakuna foleni. Askari alisema "Karibu, mama," akaziona njugu zangu, akatazama pembeni. Nilitandika leso yangu hatua thelathini kutoka jukwaani. Pale uwanjani hatukuzidi watu sitini, pamoja na watoto wawili waliokuwa wakifukuzana na mtu mmoja aliyelala fofofo, nadhani tangu Jumamosi.

Aliyefungua siku alikuwa mzee mwenye nyatiti. Kwa asiyeijua, hiki ni kinanda cha Waluo chenye nyuzi nane, na mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, kinanda kimelazwa mbele yake chini. Mkono wa kulia na wa kushoto zote zinadonoa nyuzi, lakini kazi haiishii mikononi. Mguuni amefunga njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma anayoigonga kwenye mbao ya kinanda. Mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma.

Fundi wa sauti, kijana aliyevaa kofia nyuma mbele, alimwekea vipaza sauti viwili, kimoja mdomoni na kimoja kwenye nyuzi. "Moja mbili, moja mbili. Mzee, iko sawa?" Mzee akapiga kidogo, akaacha, akaonyesha mguu.

"Huu hausikiki."

"Mzee, si unaimba na mdomo?"

"Basi niukate?"

Sisi sitini tulicheka, na fundi mwenyewe akacheka. Alienda nyuma, akarudi na kijiti kifupi chenye kipaza sauti cha tatu, akapiga magoti, akakielekeza kwenye kidole kile. Akasogeza inchi moja, akarudisha nusu. Mzee akagonga. Mlio uliotoka kwenye zile spika kubwa kama kabati, ko, ko, ko, ulikuwa mkavu na safi, na mtu aliyelala akaketi. Ulipoingia wimbo sasa, nyuzi zikazunguka juu ya ule mgongo, nikaelewa kwamba bila pete ile nilikuwa nikisikia nyumba isiyo na msingi. Binti yangu aliacha simu. Nawaambia, hilo nalo ni tukio.

Jumamosi usiku mtu hawezi kuona jambo kama hilo. Usiku bendi inakuta kila kitu kimeshafungwa na kupimwa, na hata kikiharibika wewe uliye nyuma utajuaje? Mchana unaona kazi inavyofanyika.

Alipomaliza, mzee alipita karibu nasi, nikamwamkia na kumuuliza nyuzi zake ni za nini. Akasema siku hizi ni mshipi wa kuvulia samaki. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Akaendelea na safari ya kutafuta chai, nami nikamwonea aibu kwa ile chupa ya maji ya 150.

Waliofuata walikuwa vijana wa benga, na mpangilio huo, uwe wa makusudi au wa bahati, ulinifurahisha kuliko kitu kingine. Benga ni nyatiti iliyohamia kwenye gita. Ule udonoaji wa nyuzi ndio watu kama D. O. Misiani wa Shirati Jazz waliufanya uwike Afrika Mashariki yote, yeye mwenyewe akiwa mzaliwa wa upande wa Tanzania, karibu na mpaka. Nilikuwa najua hayo kwa kuyasoma. Siku hiyo niliyasikia yakifuatana, nusu saa kwa nusu saa: mpiga solo alipoachiwa nafasi, mwimbaji akanyamaza, gita likaanza kukimbia mbele, na besi ikawa inatembea palepale kilipokuwa kidole cha mzee. Tukainuka wote. Nilicheza na mwanamume nisiyemjua aliyeshika kikombe cha uji.

Bendi ya tatu sikuipenda, ilikuwa na kelele nyingi na mazoezi kidogo. Ya nne ilikuwa nzuri.

Najua mtaniambia bendi za mchana ni za kujaza muda. Waandaaji wenyewe huzichukulia hivyo, ndiyo maana majina yao huandikwa chini kabisa kwenye bango kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Lakini bendi iliyopewa dakika thelathini haina muda wa kutuuliza mara kumi kama tuko sawa. Inapiga. Na si kwamba jiji hili halijui utamu wa mchana: Blankets and Wine, iliyoanza mwaka 2008, ilijipatia jina kwa watu kukaa kwenye nyasi Jumapili na vikapu vyao.

Kama waandaaji wanasoma gazeti hili, nina ombi moja dogo: chapisheni saa ya kila bendi, muifuate, na muuze tiketi ya mchana peke yake. Nitainunua. Pia kwenye bangili yangu kuna shilingi 350 ambazo bado naambiwa zinashughulikiwa.

Saa moja na nusu jioni tulikunja leso. Binti alinung'unika kidogo kwamba msanii mkuu wa Jumapili hajapanda; nikamwambia hatapanda leo, atapanda kesho. Nje ya lango foleni ilikuwa imefika barabarani. Tulipata matatu ya mjini yenye viti vitupu, nauli ya kawaida, na konda alipoona bangili zetu akashangaa.

"Mathe, shoo imeisha?"

"Yetu imeisha," nikamwambia. "Hao ndio wanaingia."