Mshale mwepesi au mzito? Kwa vichaka vyetu vya Kusini mi naanza na uzito

Vijana wa huku Masasi na Nachingwea wanaoanza kushika upinde karibu wote huwa wananiuliza mshale gani unakimbia zaidi. Nawaelewa, kwenye video za Wamarekani kila mtu anasifia spidi, lakini kabla hujatoa hela yako naomba unisikilize, maana mshale ukimchoma mnyama nusunusu akakimbilia kichakani anaweza kuteseka siku kadhaa ndo afe, na nyama hakuna atakayeila. Hilo linaniuma sana ndo maana naandika.

La sheria nilimalize mapema. Kuwinda Tanzania kunataka kibali, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ipo, na hata kama ni nguruwe pori anakumalizia mihogo nenda kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Ukiwa jirani na Lukwika-Lumesule, Msanjesi au Selous upande wa Liwale ndo uwe makini zaidi. Huna kibali, piga gunia, na haya yote ninayosema utajifunza vizuri tu kwenye gunia.

Sasa tuje kwenye mshale. Mshale hauui kama risasi, unaua kwa kukata. Unakata mapafu na mishipa, damu inatoka, mnyama anaishiwa nguvu haraka na mara nyingi haendi mbali. Kwa hiyo unachotaka ni upite mapafu yote mawili, na ukitokea upande wa pili ndo vizuri zaidi, maana unapata matundu mawili na damu inadondoka chini ya kufuatilia. Ukiishia katikati hata kama uliingia kwa kasi ya ajabu, kwenye nyasi za masika utatafuta mpaka giza liingie.

Ngoja niweke hesabu. Chukua upinde wa puli wa pauni 50 (hizo pauni ni nguvu ya kuuvuta), ndo ninaotumia mimi. Mshale wa gramu 23 unatoka kwa kama mita 73 kwa sekunde, wa gramu 32 unatoka kwa kama mita 63. Ukipiga hesabu ya nishati unakuta zinakaribiana sana, juli 61 kwa mwepesi na 63 kwa mzito, kwa sababu mshale mzito unabeba zaidi ile nguvu ya upinde ambayo kwenye mshale mwepesi inapotelea kwenye mtetemo na kelele. Lakini zidisha uzito kwa kasi, ambayo ndo inayosukuma mshale uendelee mbele ukishagusa ngozi na mbavu: 23 mara 73 ni 1,679, 32 mara 63 ni 2,016. Mzito umezidi kwa asilimia 20 na upinde ni uleule, mkono ni uleule. Kwangu hapo mjadala umeshaisha nusu.

Nusu iliyobaki ni umbali. Wenzetu wanaowinda kwenye mbuga wazi wanapiga mita 40 na kuendelea, na huko kweli spidi ina maana, kwa mita 40 ule mshale wa gramu 32 unashuka karibu nusu mita zaidi ya ule wa gramu 23, sa ukikosea kukadiria umbali umekosa au umejeruhi. Lakini niambie we mwenyewe, vichaka vya Rondo au mapori ya huku kwetu unaona mita ngapi mbele? Kumi na tano, ishirini ukibahatika. Kwa mita 18 tofauti ya kufika kati ya hiyo mishale miwili ni sehemu nne za mia za sekunde. Na usifikiri wepesi utamuwahi mnyama asisikie, sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, mlio wa ugwe, yaani kamba ya upinde, unamfikia kabla ya mshale wowote ule, uwe mzito uwe mwepesi. Kinachosaidia ni upinde kulia kidogo, na mshale mzito ndo unaofanya upinde utulie. Tena ukiweka mshale mwepesi kupita kiasi, chini ya gren 5 kwa kila pauni ya upinde (gren moja ni kama gramu 0.065), unaanza kuuharibu upinde wenyewe, ni kama umeachia ugwe mtupu.

Ila uzito peke yake haukuokoi kama mshale unaruka umepinda. Hapa ndo watu wengi wanaruka haraka na mi nakuomba usiruke. Mshale ukitoka unapinda-pinda kwanza kisha unanyooka, ukifika kwa mnyama mkia bado unacheza basi nguvu inaishia pembeni. Hiyo namba iliyoandikwa kwenye wano (ule mti wa mshale) za kaboni, 340, 400, 500, ni kipimo cha ugumu: wanashikilia wano kwenye nguzo mbili zenye nafasi ya inchi 28, wananing'iniza gramu 880 katikati, wanaangalia imebonyea kiasi gani. Namba kubwa ni wano laini, namba ndogo ni ngumu. Na kumbuka ukiongeza uzito mbele wano inakuwa kama imelainika, kwa hiyo ukibadilisha kigumba, ile ncha ya chuma ya mbele, kwenda kizito huenda ukahitaji wano ngumu zaidi.

Namna ya kujua ni rahisi. Tandaza gazeti kwenye fremu, simama mita mbili au tatu, nyuma weka gunia, piga. Tundu likiwa duara na alama za manyoya zimeizunguka sawasawa, mshale umenyooka. Likichanika kwenda juu, mkia uko juu, shusha kidogo pale unaposhikiza mshale kwenye ugwe. Likichanika ubavuni angalia kinachobeba mshale halafu ugumu wa wano. Kaa nalo hata wiki nzima, usione shida.

Uzito wa mbele nao pima. Weka mshale juu ya kidole utafute unapotulia. Wano ya sentimita 74 katikati yake ni 37, ikitulia kwenye 46 ukipima kutoka nyuma, umezidi 9, gawa kwa 74 ni kama asilimia 12. Mi napenda 12 mpaka 15, kichwa kinatangulia na mkia unafuata.

Mjomba wangu kule Newala alikuwa anachonga mishale ya mwanzi, ananyoosha juu ya makaa taratibu, manyoya ya kanga, kigumba cha chuma kafua fundi wa kijijini, na hakuwa na namba hata moja ila mshale wake ukiutuliza kidoleni unaona kichwa ni kizito. Alikuwa anasema mshale usioweza kumchoma mnyama mpaka ng'ambo bora ubaki kwenye podo, ule mfuko wa mishale.

Na majaribio ya kisasa yanamuunga mkono. Mmarekani mmoja, Dk. Ed Ashby, alifanya majaribio Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, kwa wanyama wenyewe. Kwa mpangilio wake la kwanza ni mshale usivunjike wala kigumba kisipinde, la pili uruke umenyooka, kasi haiko hata karibu na hapo. Na ni yeye aliyesema ukifika kama gramu 42 uwezekano wa kupita mfupa mzito unapanda sana. Kwa nguruwe pori au paa huhitaji kufika huko, gramu 30 hadi 35 zinatosha kwa upinde wa pauni 50.

Kigumba chukua cha makali mawili, chembamba, urefu karibu mara tatu ya upana, kisicho na vitu vya kufunguka. Vile vinavyofunguka vinakula nguvu kujifungua na upinde wa pauni 50 hauna nguvu ya kugawa. Noa mpaka kinyoe nywele za mkono, na kwenye podo kifunike.

Kama bado unasita, fanya nilichofanya mimi, nenda buchani omba bega la ng'ombe lenye ule mfupa bapa, lifunge kwenye gunia lililojaa nguo kuukuu, piga mishale yako miwili kutoka mita 15. Wangu mwepesi ulikwama kwenye mfupa na kigumba kimepinda, mzito ulitoboa ukazama ndani ya gunia.

Halafu kwa wenye wano za kaboni, kabla ya kila mpigo ishike huku na huku uipinde kidogo ukizungusha, usikilize na uangalie kama kuna ufa, maana kaboni yenye ufa inaweza kupasukia kwenye upinde vipande vikaingia mkononi. Ukiona ufa vunja kabisa utupe, usiiegemeze ukutani, watoto wataiokota.